Farasi wa Mfalme Anakunywa Maji

Evelio Cordón alikuwa fundi wa kuziba pancha, muumini safi, na mwanafunzi wa Kiebrania. Lakini kabla ya hayo yote alikuwa mlevi, na sisi watu wa Llano de Tunas tuna tabia mbaya ya kumkumbuka mtu kwa kile cha kwanza. Tulimwita Evelio Chupa. Alikuwa akilala chini ya malori aliyopewa kuyatengeneza, na madereva walimvuta miguu wakamweka pembeni kabla hawajawasha injini. Mke wake alivumilia, akachoka, akarudi kwao Chiquimula na hakuja hata kuchukua sufuria zake.

Aliyebaki naye ni dada yake mkubwa, Tránsito. Huyo ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, yeye msichana bado hajavunja ungo, Evelio bado ananyonya. Hakuolewa. Waliokuja kumposa walimkuta na mtoto kiunoni, wakadhani ni wake wa kuzaa, na yeye hakujisumbua kuwaeleza. Alioka mikate mitamu ya jibini na unga wa mchele, akaiuza kwenye mabasi yanayosimama karibu na mizani ya malori, na kila jua lilipoanza kupoa alijifunga kitambaa kichwani akaenda kumwokota mdogo wake popote alipoangukia. Tulimcheka na yeye pia. Tulikuwa na midomo, Mungu atusamehe.

Kisha Evelio akaokoka. Mchungaji Wílmer alimbatiza kwenye mto Motagua, na kijiji kizima tulishuka kutazama, wengine kwa imani, wengine kutaka kuona kama maji yatanuka pombe. Tangu siku ile hakuonja tena hata tone. Lakini ukiacha pombe, jina la pombe halikuachi. Chabelo Orellana, dereva wa lori la matikiti, alikuwa anapiga kelele bado yuko barabarani.

"Chupa! Leo una pumzi au una povu?"

"Mungu akubariki, Chabelo," Evelio alikuwa anajibu, anachukua jeki anainama. Alikuwa anacheka pia, kicheko kile cha mtu ambaye hana la kufanya.

Habari za Kiebrania zililetwa na mhubiri mmoja kutoka mji mkuu. Alivaa shali yenye vishada, akapuliza pembe ya kondoo mpaka mbwa wote wa kijiji wakamwitikia, kisha akatuambia kwamba Mungu alipoumba dunia hakusema Kihispania. Jamani, hilo tulikuwa hatujawahi kulifikiria. Kuna waliotoka ibadani wamenyong'onyea kabisa, kana kwamba miaka yote ile tulikuwa tunapiga simu kwa namba ya mtu mwingine. Wiki iliyofuata nusu ya kanisa walikuwa na shali. Evelio hakununua shali. Alikwenda kwa binti wa duka la simu, akamwomba amwekee programu inayofundisha Kigiriki na Kiebrania cha Maandiko.

Programu yenyewe ilikuwa na taa ya mafuta, ya kuchorwa. Ukisoma leo, taa inawaka. Ukiruka siku, inazimika, na sauti ya mwanamke mpole inakuambia pole, anza tena. Mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kufanya jambo jema siku mbili mfululizo, sasa alikuwa na taa, na taa haizimiki! Alikaa juu ya tairi mbele ya kibanda chake, akafuta gundi vidoleni kwa suruali, akasoma. Kigiriki kilimtoa jasho, kina maneno yanayobadilika mkia kila ukigeuka, akakiweka kando kwa muda. Kiebrania alikipenda. Alisema kinaanzia upande usiotarajiwa, kama yeye.

Usidhani masomo yalianza na mambo ya mbinguni. Farasi wa mfalme anakunywa maji. Mwanamke ana punda wawili. Mzee ameketi langoni. Miezi ikapita na yule farasi bado ana kiu. Somo ambalo Evelio alilitamani lilikuwa mwisho kabisa na lilikuwa na kufuli: baraka ya makuhani, ile ambayo Mchungaji Wílmer anainua mikono na kuisema ibada ikiisha. Huwezi kuruka. Unapita somo kwa somo, na ukikosea mara nyingi programu inakufukuza ukapumzike. Evelio hakulalamika. Alikuwa na muda, tairi bovu lilikuja au halikuja.

Aliyevujisha siri ni Tránsito, na unadhani nani mwingine? Alhamisi moja, siku ya shuhuda, alisimama na aproni yake ya unga akasema, "Namshukuru Bwana, mdogo wangu anasoma lugha ya Mungu, na anaisoma vizuri." Akaketi. Hakuongeza neno. Lakini alipoketi alitutazama mmoja mmoja, sisi tuliomcheka alipokuwa anamwokota mitaroni, na kila mtu akaona kuna kitu cha kuangalia sakafuni.

Basi mambo yakageuka. Kina mama wakaanza kumletea Evelio watoto wachanga awaambie majina yao yana maana gani mbinguni. Mtu akamwomba amwandikie neno la kuweka juu ya mlango, wezi wasiingie. Yeye alikuwa anajibu kwa haya, "Bado, mama, mimi ni mwanafunzi tu," na wao wakazidi kumheshimu. Hata Chabelo, haki ya Mungu, alisimamisha lori siku moja, akavua kofia, akasema, "Ndugu Evelio, nina tairi la nyuma linavuja." Ndugu Evelio! Tránsito alikuwa pale na beseni lake la mikate. Aligeuka upande wa barabara akajifuta macho kwa pindo la aproni, akasema ni vumbi.

Mwaka huo huo Tránsito alikanyaga kaa la moto lililoanguka kutoka kwenye tanuri. Alikuwa na kisukari cha muda mrefu. Hakuhisi kitu mpaka alipoona moshi. Malengelenge yakawa kidonda, kidonda kikawa na shimo, maumivu yakapanda mpaka gotini, na daktari wa hospitali ya Zacapa akamwambia bila kuzunguka: vidole viwili vikatwe sasa, au baadaye ukatwe mguu, au baadaye zaidi nisiseme.

"Kwanza niombewe," alisema Tránsito. "Kisha nitakuja."

Jumapili hiyo alipandisha mguu wake juu ya kiti mbele ya madhabahu, umefungwa kitambaa cheupe. Mchungaji Wílmer alichukua chupa ya mafuta, akafumba macho, akafumbua, kisha akasema kwa kipaza sauti, "Na leo, kanisa, anayemwombea dada yetu si mimi. Ni ndugu Evelio, kwa lugha ile ile Mungu aliyoisema akiumba miguu yetu!"

Evelio aliinuka kwenye benchi lake. Akasogea karibu ya sikio la mchungaji. "Mchungaji, mimi bado sijafika huko. Sijui kuomba kwa lugha ile."

"Unyenyekevu, kanisa, mnauona?" alisema mchungaji kwenye kipaza sauti. "Mpigieni Bwana makofi!"

Makofi yakapigwa. Kinanda kikaanza. Evelio akapiga magoti mbele ya mguu wa dada yake, akaweka mikono yake yenye harufu ya mpira juu ya kile kitambaa, akatafuta kichwani. Hakukuwa na baraka. Hakukuwa na uponyaji wala mguu wala dada, masomo hayo alikuwa hajayafikia. Tránsito alikuwa anamtazama. Watu walikuwa wanangoja. Basi akafumba macho na kusema kile alichokuwa nacho.

Akasema kwa Kiebrania, farasi wa mfalme anakunywa maji.

"Amina!" likaitikia kanisa.

Mwanamke ana punda wawili.

"Amina! Utukufu!"

Mzee ameketi langoni, ameketi langoni, farasi wa mfalme anakunywa maji. Sauti ilimtetemeka kwa aibu, na watu wakaona ni upako. Wanawake wa kwaya walilia. Mzee mmoja alianguka chali. Na Evelio alipofungua macho hakuthubutu kuyainua zaidi ya goti la dada yake.

Ndipo Tránsito alipoinuka. Akaushusha mguu sakafuni, akaukanyagia mara moja, mara ya pili. "Hauniumi!" akasema. "Ulikuwa unawaka moto mpaka gotini, sasa hauniumi!"

Kanisa likapasuka kwa shangwe. Evelio alibebwa juu juu.

Alhamisi Tránsito alishuhudia rasmi, mbele ya watu wote, kwamba amepona. Na kwetu, ukishashuhudia, umeshuhudia. Neno hilo ni mali ya Mungu, halirudishwi mfukoni. Mtu aliyesimama akasema amepona, kisha akaonekana kwenye foleni ya hospitali na karatasi mkononi, amemwita Mungu mwongo hadharani, na aliyemwombea amemfanya tapeli. Tumewahi kuona familia ikihama kwa jambo hilo. Sheria haijaandikwa popote, na hakuna asiyeijua.

Evelio hakuweza kula. Siku iliyofuata alimkuta dada yake jikoni, ameketi kwenye kigoda, anakanda unga, mguu umefunikwa kwa sketi ndefu.

"Dada, nina neno."

"Sema. Lakini nipe hiyo krimu ya maziwa kwanza."

Akampa krimu. "Ile sala. Haikuwa sala. Yalikuwa maneno ya kwenye simu, ya kujifunzia. Nilisema farasi anakunywa maji."

Mikono ya Tránsito ilisimama kidogo kwenye unga, kisha ikaendelea. "Farasi gani?"

"Wa mfalme."

"Si mbaya. Ungesema wa Chabelo ndiyo ningekasirika."

"Dada, sifanyi mzaha! Kuna na punda wawili humo. Nenda hospitali, nakuomba. Mungu hakusikia kitu pale, alisikia ujinga wangu tu."

"We mtoto, Mungu alishawahi kutumia punda kusema," alijibu Tránsito bila kuinua kichwa. "Atashindwa na wewe?"

"Nitasimama kanisani niseme."

Hapo ndipo alipoinua kichwa, na macho yake yalikuwa makali kama siku zile za mitaroni. "Ukisema kanisani, usiniite dada tena. Umenisikia? Usiniite kabisa."

Evelio akakubali kutosema. Angefanyaje? Alidhani ni imani. Alijiambia, nikiivunja imani yake nimemvunja yeye, na nikimwacha nayo nimemuua. Alitoka pale akakaa kwenye tairi lake, akatoa simu, akaona taa yake inawaka vizuri, akatamani kuitupa barabarani ipitiwe na malori.

Badala ya kuitupa aliamua kuikimbiza. Akili ya mtu aliyeshikwa pabaya haina mantiki, tusimcheke. Alijiambia kwamba akifika kwenye ile baraka yenye kufuli, ataweza kumwombea dada sala ya kweli, maneno yenyewe, na Mungu hatakuwa na kisingizio. Akaanza kusoma kutoka asubuhi. Akasoma akitia upepo, tairi la mtu likakaribia kupasuka. Akasoma akila, maharage yakapoa sahanini. Lakini haraka haina baraka, na kadiri alivyokimbia ndivyo alivyokosea, na kadiri alivyokosea ndivyo yule mwanamke mpole alivyomwambia, pole, pumzika, rudi baadaye. Evelio alimjibu kwa sauti pale kibandani, "Mama, sina baadaye!" Wateja wakatazamana.

Kidonda hakikumsubiri. Tránsito alianza kuchoma majani yenye harufu kali jikoni, akisema ni ya mbu. Mikate yake ikapungua, kisha ikakoma, akasema unga umepanda bei. Evelio alikwenda kwa mchungaji.

"Mchungaji, mguu wa dada yangu unanuka. Mwambie wewe aende hospitali, wewe atakusikia."

Mchungaji Wílmer hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kanisa lililojaa kwa mara ya kwanza, na watu walikuwa wanatoka mbali kama Gualán kuja kusikia habari za mguu ule. Alikuna kidevu kwa muda. "Ndugu Evelio, Shetani anapenda kupima uponyaji kwa pua. Wewe ndiye uliyeomba. Ukiwa na shaka wewe, nani ataamini?"

Evelio akawaita zimamoto, kwani kwetu zimamoto ndio wanaobeba wagonjwa. Walikuja wawili na machela. Tránsito aliwapokea mlangoni ameshikilia fremu, amejipaka poda, akawauliza wanaonekana na njaa kwa nini, akawapa kahawa. Wakamwuliza kama anataka kwenda. Akasema anataka kwenda wapi na yeye hana ugonjwa? Mtu mzima akikataa hawawezi kumbeba kwa nguvu. Waliondoka, na mmoja wao alimwambia Evelio barabarani, kwa sauti ya chini, "Bwana, hiyo harufu tunaijua. Usikawie."

"Dada," alisema Evelio aliporudi ndani, na sasa alikuwa analia bila kujificha, "mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Na mlia ovyo humtoka kamasi. Nenda kanisani, leo Alhamisi. Mimi nitapumzika, nimechoka kidogo tu."

Alikwenda. Na kwa kuwa hakuwa amebakiza njia nyingine yoyote, alipofika muda wa shuhuda alisimama. Aliomba kipaza sauti. Mchungaji akampa kwa furaha.

"Ndugu zangu," alisema Evelio, "mimi sijui kuomba kwa Kiebrania. Siku ile nilisema farasi wa mfalme anakunywa maji. Nikasema mwanamke ana punda wawili. Ndiyo yote niliyosema. Dada yangu hajapona. Dada yangu anaoza, na mimi ndiye niliyewadanganya, si yeye, na si Mungu. Naomba mumruhusu aende hospitali."

 Kisha kutoka nyuma, kwenye mabenchi ya madereva, Chabelo akalia kama farasi, "Hiiiiihihihi!"

Sijui ni kitu gani kilitushika. Labda ni uoga, labda ni aibu ya kukumbuka tulivyolia na tulivyoanguka chali kwa ajili ya punda wawili. Tulicheka. Kanisa zima lilicheka, na mtu akasema, "Chupa amerudi!", na tukacheka zaidi. Evelio alisimama katikati na kipaza sauti mkononi, hajui akiweke wapi. Mchungaji alikichukua. Hakuwa anacheka, alikuwa mweupe kwa hasira. Palepale alimweka chini ya nidhamu. Maana yake kwetu ni benchi la mwisho karibu na mlango, huimbi, hushuhudii, huombi kwa sauti, wala husogei mbele, mpaka muda wako uishe. Wa Evelio uliwekwa mpaka Pasaka.

Kuna jambo ambalo katika yale yote Evelio alilisahau, nasi tulilisahau. Kanisa letu lina vipaza sauti viwili juu ya paa, vinavyoelekea kijijini, ili wasiookoka wasipate kisingizio. Jikoni kwa Tránsito kila neno linasikika kama uko benchi la mbele.

Evelio alimkuta dada yake amelala kitandani, amegeukia ukuta, ana homa ya kutetemesha kitanda.

"Wamekucheka," alisema Tránsito.

"Wamenicheka, ndiyo. Haidhuru. Sasa unaweza kwenda hospitali, hakuna tena wa kukusema."

"Mjinga wewe." Aligeuka, na uso wake ulikuwa umelowa. "Mjinga kabisa! Mguu huu haujaacha kuniuma hata dakika moja, Evelio. Hata pale madhabahuni. Nilipoukanyagia niliona nyota."

Evelio hakuelewa. Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Lakini ulisema hauumi. Ulishuhudia."

"Nilikuona pale chini, umepiga magoti, jasho linakutoka. Mimi nimekulea, nikiwa nimefumba macho naijua sauti yako ukiwa umepotea. Nikajua, huyu hana kitu, amekwama. Na watu wale wote wanangoja. Mguu ungeendelea kuuma wangesema nini? Wangesema nini, nieleze." Akavuta pumzi. "Wamekuita ndugu Evelio. Tangu mama afe nilikuwa sijasikia mtu akikuita kwa heshima. Nikasema acha niwe na mguu mbovu, mwenye mguu ni mimi. Nilidhani utapona wenyewe polepole. Ndio maana nikakukataza kusema."

"Na mimi nilinyamaza nisikuvunjie imani," alisema Evelio.

"Imani gani, na farasi wako!" Akacheka, kisha kicheko kikageuka maumivu, akamshika mkono mpaka kucha zikamwingia. "Haya, waite wale wa machela. Sasa naogopa, mdogo wangu. Sasa naogopa kweli."

Zimamoto walikuja mbio na safari hii hawakuuliza kitu. Njia nzima hadi Zacapa Evelio alishikilia chupa ya dripu juu. Daktari ni yule yule. Alifunua kitambaa, akakifunika, akawaita wenzake kwa jicho tu. Sumu imepanda, alisema, mguu unaondoka wote, na hata hivyo siahidi. Hakugomba. Evelio alitamani agombe.

Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji ndugu haruhusiwi kupita. Muuguzi alikisimamisha kitanda kwa muda mfupi tu.

"Niombee," alisema Tránsito.

"Niombe nini, dada? Ile baraka bado ina kufuli."

"Ile ya farasi. Si ndiyo unayoijua?"

Akainama sikioni kwake akasema, polepole, bila kukosea hata sauti moja, kwamba farasi wa mfalme anakunywa maji. Tránsito alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Maskini, alikuwa na kiu sana," alisema. "Amina." Muuguzi akasukuma kitanda, milango ikajifunga.

Hakutoka mzima. Jioni ya Ijumaa walimwita Evelio wakampa aproni yake ndani ya mfuko wa plastiki.

Tulimzika kesho yake kabla ya adhuhuri, joto la kwetu halisubiri mtu. Kijiji kizima kilikuja, na wote tuliocheka tulikuja. Chabelo ndiye aliyebeba jeneza kwenye lori lake, matikiti ameyashusha, na hakufungua mdomo tangu asubuhi. Mchungaji Wílmer alihubiri vizuri, mtu huyu ana kipaji. Alisema dada Tránsito alikuwa shujaa wa imani. Kisha akauliza, kama ilivyo desturi, kama kuna ndugu wa damu wa kuomba kabla ya udongo.

Ndugu wa damu alikuwa mmoja tu, na alikuwa chini ya nidhamu. Tulimwona amesimama nyuma ya watu wote, karibu na geti la makaburi, pale ambapo ingekuwa benchi la mwisho. Mchungaji alimwona pia. Alitazama chini, akageuza kurasa za kitabu chake, na akaona hawezi kuilegeza sheria mbele ya watu siku mbili tu baada ya kuikaza. Akamwita mtu wa kwaya aombe. Hakuna aliyepinga. Nami sikupinga.

Simu ililia mfukoni mwa Evelio, mlio ule mdogo wa kengele. Tuliokuwa karibu tulimsikia yule mwanamke mpole akimkumbusha kwamba taa yake inakaribia kuzimika. Aliiacha ilie mpaka ikachoka.

Udongo wa kwanza uliposhuka, midomo yake ilianza kusogea, bila sauti, kwa kuwa sauti alikatazwa. Mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake, na kwa kuwa kijiji kizima sasa tunayajua maneno yale kwa moyo, niliyasoma mdomoni mwake. Farasi wa mfalme anakunywa maji. Mwanamke ana punda wawili. Akayarudia mpaka kaburi likajaa, na hakuna aliyesema amina.